Je, wajua kwa nini diwani mbili za "ushairi mpya" wa Marekani hazikuwa na mshairi hata mmoja wa pamoja?

Mwaka 1957 wahariri watatu, Donald Hall, Robert Pack na Louis Simpson, walitoa diwani iitwayo New Poets of England and America, ikiwa na utangulizi wa mshairi mzee Robert Frost. Miaka mitatu baadaye Donald Allen akatoa yake kupitia Grove Press ya New York: The New American Poetry, 1945-1960, yenye washairi 44. Zote mbili zilidai kumwonyesha msomaji ushairi mpya wa miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukizipitia orodha za yaliyomo jina kwa jina, humkuti mshairi hata mmoja aliyemo katika zote mbili.

Sababu ni kwamba Wamarekani wenyewe hawakuwa wameafikiana shairi ni nini. Washairi wa kitabu cha kwanza, kina Richard Wilbur, Adrienne Rich na W. S. Merwin, wakati huo waliandika kwa ustadi wa vina, mizani na beti zilizopangika, ushairi uliofundishika vizuri darasani. Wa Allen walitaka mstari ufuate pumzi ya anayesema, urefuke na ukatike pale sauti inapokatika. Robert Lowell, alipopokea tuzo ya National Book Award mwaka 1960, alisema kuna ushairi wa namna mbili unaoshindana, uliopikwa na mbichi. Yeye alikuwa kwenye kitabu cha waliopika, ingawa Life Studies, kazi iliyompa tuzo hiyo, ilikuwa imeshaanza kuondoka jikoni. Anayekumbuka diwani ya Kichomi ya Kezilahabi mwaka 1974 na mabishano ya mashairi yasiyo na vina anajua watu wanaweza kukosana kiasi gani kwa jambo hili.

Sasa, diwani ina faida gani ikiwa kila mhariri anavutia kwake? Wengi huichukulia kama ghala la mashairi bora, na kwa kipimo hicho karibu kila diwani itakuangusha, kwa sababu nusu ya "bora" za mwaka huu hazisomeki baada ya miaka ishirini. Kwangu, faida yake kubwa ni kuokoa. Mashairi mengi aliyoyakusanya Allen yalikuwa yametoka kwenye majarida madogo: Origin la Cid Corman, Black Mountain Review la Robert Creeley, Yugen lililoanzishwa na LeRoi Jones na Hettie Cohen mwaka 1958. Hayo ni majarida yaliyozungushwa kwa mkono na posta, nakala chache, fedha za kuungaunga. Chuo cha Black Mountain chenyewe, kule North Carolina, kilikuwa kimeshafunga milango ifikapo 1957. Bila mtu wa kukusanya, msomaji wa mji mdogo wa Ohio angeyapatia wapi?

Chukua shairi moja tu, "The Day Lady Died" la Frank O'Hara. Ni Ijumaa ya Julai 1959, saa sita na dakika ishirini mchana, New York. Msemaji anang'arishiwa viatu, anakula hambaga, anapita benki, anatafuta zawadi za kuwapelekea wenyeji wake wa jioni, ananunua sigara, na gazeti la New York Post lenye picha ya mwanamke. Hapo jasho linamtoka. Anakumbuka usiku mmoja ameegemea mlango wa choo katika klabu ya Five Spot, mwanamke huyo akiimba kwa kunong'ona kando ya piano ya Mal Waldron, na watu wote wakakosa pumzi. Ni Billie Holiday, mwimbaji wa jazi aliyefariki tarehe 17 mwezi huo, na ndani ya shairi lote jina lake halitajwi. O'Hara aliliweka kwenye kitabu chake mwenyewe, Lunch Poems, mwaka 1964. Waliosoma diwani ya Allen walikuwa nalo miaka minne kabla.

Kazi nyingine ya Allen ilikuwa kuwapanga watu. Aliwagawa katika makundi matano: Black Mountain, San Francisco, Beat (waandishi waasi wa miaka ya 1950), New York, na la tano la wasio na kambi maalumu. Mgawanyo huo una kasoro zake, na Allen mwenyewe alikiri kwamba makundi yanaingiliana, lakini walimu wanautumia hadi leo. Mwishoni akaweka maelezo ya washairi wenyewe kuhusu namna wanavyotunga, ikiwemo insha ya Charles Olson, "Projective Verse". Mimi ningeanza kusoma huko nyuma kabla ya mashairi.

Aliowaacha nao wanasema mengi. Wanawake walikuwa wanne tu kati ya 44. Diane di Prima, aliyekuwa akichapisha New York wakati huohuo, hayumo. Gwendolyn Brooks, mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1950, hayumo. Mshairi mweusi alikuwa mmoja, LeRoi Jones, yule ambaye baadaye tulimjua kama Amiri Baraka, jina la enzi ambazo wanaharakati weusi wa Marekani walikikumbatia Kiswahili. Mwaka 1968 yeye na Larry Neal wakatoa Black Fire, iliyowakusanya waandishi weusi watupu, Sonia Sanchez akiwamo. Mwaka 1973 ikaja No More Masks!, ya wanawake. Diwani hujibiwa kwa diwani.

Kuna wanaokosekana kwa sababu ya pesa. Mashairi ya miaka ile mengi bado yana hakimiliki, na mhariri hulipia ruhusa shairi kwa shairi. Mshairi Rita Dove alipohariri diwani ya Penguin ya ushairi wa Marekani wa karne ya ishirini, mwaka 2011, Allen Ginsberg, mshairi wa kundi la Beat, na Sylvia Plath walikosekana, naye akaeleza kwamba ada iliyodaiwa ilishinda bajeti yake. Mhakiki Helen Vendler alimshambulia hadharani kwa kujaza washairi wengi mno, Dove akamjibu kwa ukali, na watu wakachagua upande. Lakini pengo la Ginsberg halikutokana na upande wowote. Kwa hiyo ukifungua diwani na kumkosa mtu unayemtarajia, soma kwanza utangulizi wa mhariri kabla ya kumlaumu. Mara nyingine bili imetajwa humo.