Nicholas Trist: Aliitwa Nyumbani, Akasaini Mkataba

Nafundisha historia ya diplomasia, na swali linalowasumbua sana wanafunzi wangu ni hili: mjumbe aliyekwisha kuvuliwa madaraka anawezaje kuleta mkataba, na serikali yake ikaukubali? Jibu lipo katika maisha ya Nicholas Trist wa Virginia, Marekani.

Alizaliwa Charlottesville mwaka 1800, akasomea sheria kwa Rais mstaafu Thomas Jefferson, akamwoa mjukuu wake, kisha akawa katibu wa Rais Andrew Jackson. Kwa kijana wa Kusini mwa Marekani, milango ilikuwa wazi. Mwaka 1833 alipelekwa Havana kuwa konsuli, akakaa huko hadi 1841. Wanaomsifu huipita miaka hii upesi, jambo nisilolikubali. Cuba iliendelea kupokea Waafrika waliotekwa, ingawa Uhispania ilikuwa imeahidi kwa mikataba kuikomesha biashara hiyo, na meli za watumwa zilijificha chini ya bendera ya Marekani. Richard Madden, ofisa wa Uingereza mjini Havana, alimshutumu Trist hadharani kwamba hati za ofisi yake ziliwasaidia wafanyabiashara hao. Ni doa ambalo halifutwi na lolote alilolifanya baadaye.

Kihispania alichokijua ndicho kilichomfaa Aprili 1847. Wakati huo Marekani ilikuwa vitani na Meksiko, naye alikuwa karani mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje, na Rais James Polk akamtuma Meksiko afuatane na jeshi la Jenerali Winfield Scott na kutafuta amani. Mwanzoni yeye na Scott waliandikiana barua za matusi. Trist alipougua, jenerali akampelekea jemu ya mapera, na tangu hapo wakawa marafiki.

Jeshi liliingia Mexico City Septemba 1847. Polk, asiyeridhika na mazungumzo ya awali na sasa akitamani ardhi zaidi, akaamuru mjumbe wake arudi. Barua ilifika katikati ya Novemba. Trist alijua kwamba akiondoka, Wameksiko wachache waliothubutu kuzungumzia amani wangepinduliwa, na vita vingeendelea bila mtu wa kujadiliana naye. Desemba aliamua kubaki, akamwandikia bosi wake, Waziri wa Mambo ya Nje, barua ya kurasa 65 kujieleza. Wajumbe wa Meksiko walijua kuwa ameitwa nyumbani, lakini wakaketi naye.

Mkataba ulitiwa saini Guadalupe Hidalgo tarehe 2 Februari 1848. Mpaka ukawekwa mto Rio Grande, California na New Mexico zikachukuliwa, na Marekani ikakubali kulipa dola milioni 15. Maagizo yalimruhusu afike hadi milioni 20 kwa ardhi hiyo.

Hapo ndipo penye jibu. Saini ya mjumbe haikamilishi mkataba. Huuweka mezani tu, na wenye kuufunga ni wanaouridhia. Polk angeweza kuutupa. Lakini masharti yalikuwa yale aliyoyaandika mwenyewe, na Januari hiyo Baraza la Wawakilishi lilikuwa limetamka kwamba vita alivianzisha bila haja na kinyume cha katiba. Angeukataa, huenda wangemnyima fedha za jeshi. Akaupeleka Seneti kwa hasira, nao wakauridhia kwa kura 38 dhidi ya 14, baada ya kukiondoa kifungu cha 10 kilicholinda hati za ardhi za Wameksiko. Naliona hilo kuwa dhuluma kubwa, kwa sababu waliobaki kaskazini ya mpaka ndio walioachwa kuhangaika kuthibitisha umiliki wa mashamba yao wenyewe.

Trist alifukuzwa kazi, na mshahara wake ukasimamishwa kuanzia siku aliyopokea barua ya kuitwa. Kwa miaka mingi aliishi kwa ukarani katika shirika la reli. Mwaka 1871, kwa juhudi za Seneta Charles Sumner, Bunge lilimlipa deni lake, miaka 23 baada ya saini ile. Alifariki mwaka 1874.