Klabu za watoto kwenye meli za kitalii: dhana potofu kuhusu makundi ya umri

Mzazi anayetafuta safari ya meli huangalia bei, kabini na bandari, na akishaona kuna klabu ya watoto, anaridhika. Awe anapandia Dubai, Durban au Miami, swali la kuuliza ni moja: mwanangu ataangukia kundi gani, na humo atakuwa mkubwa au mdogo?

Dhana: Makundi ya umri ni yaleyale kila kampuni

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Chukua mtoto wa miaka 11. Kampuni ya meli ya Carnival ina kundi la miaka 9 hadi 11, kwa hiyo pale yeye ndiye kaka mkubwa. MSC humweka kwenye kundi la 7 hadi 11, ashinde na watoto wa darasa la kwanza na la pili. Norwegian wana la 10 hadi 12, na kwa umri wake hilo ndilo linalomfaa kuliko yote. Kwa Disney, klabu ya wadogo huishia miaka 10, hivyo wa 11 anaingizwa kwenye Edge, ya miaka 11 hadi 14, akiwa mdogo kuliko wote katikati ya vijana waliokwisha balehe. Mtoto mchangamfu atajichanganya bila shida. Mwenye haya ataenda siku moja, na baada ya hapo humtoi kabini.

Kwa mtoto wa miaka 6 mambo ni hayohayo. Carnival anaanza kundi la 6 hadi 8 akiwa mdogo. MSC anamalizia la 3 hadi 6, na wenzake wengine ndio kwanza wanajifunza kushika kalamu ya rangi. Tatizo kubwa liko kwenye kingo: aliye juu ya kundi huchoka na michezo ya kitoto, aliye chini huogopa. Kabla ya kulipa, andika umri wa kila mtoto kando ya kundi lake uone nani yuko ukingoni. Mipaka hii hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma ya safari yako, usitegemee ya jirani aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Dhana: Ndugu watawekwa pamoja tukiomba

Wakati mwingine. Lakini ni rahisi zaidi kuchagua meli ambayo tayari inawaweka pamoja. Wa miaka 5 na wa 7 wanakaa kundi moja Princess (3 hadi 7) na Disney (3 hadi 10). Kwenye meli za Carnival na MSC wanatenganishwa. Ukilazimika kuomba, kumshusha mkubwa ni rahisi kuliko kumpandisha mdogo, kwa sababu michezo na idadi ya walezi hupangwa kwa kufuata umri. Hoja ya "ana akili kuliko umri wake" haifui dafu mbele ya walezi. Ombi lipelekwe siku ya kwanza, wakati wa kuandikisha, kabla nafasi hazijajaa.

Dhana: Atatimiza miaka 3 safarini, kwa hiyo ataingia klabu

Kampuni nyingi huhesabu umri wa siku ya kupanda meli. Anayetimiza miaka 3 siku ya nne ya safari bado ni wa miaka 2 kwenye orodha yao. Kama tarehe zako zinasogezeka, kusogeza safari wiki moja mbele kunaweza kumaliza jambo zima. Angalia pia unavyojaza tarehe ya kuzaliwa: tovuti za Kimarekani hutanguliza mwezi. 05/11 kwao ni tarehe 11 Mei, si 5 Novemba, na kosa hilo huweza kumpeleka mtoto kundi lisilo lake na kumfanya asilingane na pasipoti.

Dhana: Akifika miaka 3 hakuna kizuizi kingine

Kipo: nepi. Royal Caribbean na Disney hupokea wa miaka 3 aliyekwisha kuzoea choo kabisa, na hata zile nepi za kuvaa kama chupi hazikubaliki. Akijichafua, unaitwa. Carnival ni tofauti: kundi lao dogo huanza miaka 2, na walezi hubadilisha nepi. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu, tofauti hiyo moja inatosha kuamua apande meli ipi.

Wachanga wana utaratibu wao. Kampuni nyingi haziruhusu abiria wa chini ya miezi 6, na safari za kuvuka bahari kuu huanzia miezi 12. Chumba cha wachanga, pale kinapokuwepo, mara nyingi hulipiwa kwa saa na nafasi ni chache, kwa hiyo weka mapema.

Na kuhusu "bure kutwa nzima": klabu za miaka 3 na kuendelea kwa kawaida ni bure, lakini nyingi hufunga wakati wa milo, na baada ya saa nne usiku huanza malipo ya kila saa. Dawa pia, walezi kwa kawaida hawampi mtoto. Mwenye pumu au mzio mwandikishe kwenye fomu, kisha uliza mwenyewe nani atashika dawa ya dharura.

Dhana: Klabu ya vijana ina ulinzi kama ya wadogo

Haina. Wadogo husainiwa kuingia na kutoka na mtu uliyemtaja kwenye fomu. Vijana huingia na kutoka wapendavyo. Mlezi anaendesha shughuli, halindi mlango. Hata kabla ya hapo, Carnival huwaruhusu wa miaka 9 hadi 11 kujitoa wenyewe endapo mzazi amekubali, na kisanduku hicho wazazi wengi hukiweka alama bila kusoma. Kama hutaki mwanao azunguke sitaha kumi na kitu peke yake, kiache wazi. Kwa kijana, kubalianeni saa ya kurudi kabini, kisha nenda kaunta ya huduma kwa wageni uweke kikomo cha matumizi kwenye kadi yake ya meli, kwa sababu ndiyo anayonunulia vinywaji na michezo ya mashine, na bili inakuja kwako.