Emoji zikipangwa pamoja: yanayoaminika na yaliyo kweli

Kuna orodha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, ya majirani, hata ya kanisani na msikitini: "Maana za siri za emoji, mlinde mwanao." Kila ikirudi ina sura mpya. Safari hii ina mboga, safari ijayo ina maua na makopa ya rangi. Orodha hizi zinavuruga nyumba za watu. Mume anaona 🌹🙈 kwenye simu ya mkewe, anafungua orodha, anahukumu kabla hajauliza. Binti anapokonywa simu kwa sababu shoga yake kamtumia picha ya tunda. Inauma, kwa sababu mengi yaliyomo humo si kweli.

"Kila mpangilio una maana yake rasmi"

Dhana hii ndiyo mzizi wa nyingine zote. Wengi huamini kuna ofisi mahali fulani iliyokaa ikapitisha kwamba emoji hii na ile zikikutana maana yake ni kadhaa. Ofisi kweli ipo, inaitwa Unicode Consortium, iko California. Emoji ziliingia kwa wingi kwenye utaratibu wake mwaka 2010, ili simu za kampuni tofauti zielewane. Lakini kazi yake ni kuipa kila picha namba na jina fupi. 🍆 kwao ni bilinganya na 🍑 ni pichi, basi. Maana ya kitandani imetungwa na watumiaji wenyewe. Ipo, tena imeenea dunia nzima, na mtu mzima akitumiwa 🍆🍑💦 saa sita za usiku hahitaji mkalimani. Ila mama wa genge anayepandisha 🍅🍆🥕🧅 kwenye status saa moja asubuhi anauza mboga. Bilinganya ni ileile. Kinachotofautiana ni nani katuma, kamtumia nani, saa ngapi, na walikuwa wanazungumza nini kabla.

"Emoji ni lugha moja ya dunia nzima"

Itazame 🙆🏾‍♀️. Kwetu mtu akibandika 🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️🙆🏾‍♀️ chini ya habari ya ajali, au ya bei mpya za mafuta, hakuna anayeuliza kamaanisha nini. Mama yangu wee, tumekwisha. Mikono kichwani ni msiba au mshtuko. Wengi tulikatazwa na wazee utotoni kukaa hivyo, eti unauita msiba nyumbani. Sasa sikia jina lake rasmi: mtu anayeashiria "sawa". Ilichorwa Japani, na kule mtu akinyanyua mikono na kukutanisha vidole juu ya kichwa, mwili unafanya duara. Duara kwao ni jibu sahihi, kama mwalimu wetu anavyoweka vema kwenye daftari. Ndugu yake 🙅🏾‍♂️, aliyepishanisha mikono, ni kosa. Kwa hiyo picha ileile Tokyo inasema "hakuna shida" na Mbagala inasema "shida tupu", na hakuna aliyekosea kati yao. Picha ilifika huku ikakuta mikono kichwani ina kazi tayari, ikaichukua kazi hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye mpira. Fungua ukurasa wowote wa mashabiki wa Yanga utakuta 💚💛🔰. Hiyo 🔰 ni alama ya dereva mgeni. Tangu mwaka 1972, Mjapani aliyepata leseni juzi hutakiwa kuibandika kwenye gari kwa mwaka wake wa kwanza, wenzake barabarani wamvumilie. Mwananchi hana habari na hayo na wala hayahitaji. Ameona kijani na njano zimekaa bega kwa bega kama jezi, akaichukua. Leo hapa Tanzania ukiona 🔰 kwenye wasifu wa mtu unajua Jumamosi anakaa upande gani wa uwanja, kama ambavyo ❤️🤍🦁 haihitaji maelezo kwa Mnyama.

Vivyo hivyo 🏃🏾‍♂️💨 mwishoni mwa posti. Mtu kasema pilau bila viazi si pilau, kaweka wakimbiaji wawili watatu: nimesema, nakimbia, msinipige. Hakuna orodha iliyomfundisha hilo. Kaliona kwa wenzake mara ya kwanza, ya pili, likamwingia.

"😂 ni kilio"

Hili linaumiza, na nitalikalia kidogo. Kwenye grupu la msiba anaingia mzee wa ukoo, mtu mwenye heshima zake, anaandika: "Poleni sana wafiwa, Mungu awape subira 😂😂🙏🏾." Yeye kaona machozi. Hajaona mdomo uliofunguka, kwa sababu kwenye kioo kidogo cha simu machozi ndiyo yanayotangulia kuonekana. Jina la sura hiyo ni uso wenye machozi ya furaha. Ilipendwa mno hata wenye kamusi za Oxford wakaitangaza kuwa neno lao la mwaka 2015.

Uso wa kulia ni 😭 au 😢. Hapo tena pana mtego, maana vijana wameichukua 😭 wakaifanya kicheko. Chini ya video ya vichekesho 😭😭💀 maana yake ni nimevunjika mbavu, nimekufa kabisa. Kijana akiandika hivyo kwa shangazi aliyemsimulia jambo zito, shangazi anaona ameliliwa. Shangazi akiandika 😂 kwa huzuni, kijana anaona jambo limechezewa. Wote wana nia njema.

Kuna pia 😪, inayotumwa sana kwenye salamu za pole. Lile tone linatoka puani: ni povu la kamasi la mtu aliyelala fofofo, mtindo wa wachoraji wa katuni wa Japani. Rasmi ni uso wenye usingizi. Lakini kwa kuwa wengi wetu tunaisoma kama huzuni, ukiandikiwa "pole mpendwa 😪" ipokee kama pole.

Msibani maneno yatangulie, kisha 🙏🏾 au 🤲🏾 au 🕊️ yatosha. Na mzee akikosea kwenye grupu, mfuate inboksi kwa adabu umwelekeze: "Shikamoo babu, ile sura ya pale inacheka." Kumpiga skrinishoti na kumsambaza ni kumvunjia heshima mtu aliyekuja kufariji.

"🙏 ni watu wawili wanagonga viganja"

La. Ni viganja vya mtu mmoja vimekutanishwa, na Japani hutumika kuomba na kushukuru. Kwetu imebeba Amina, asante, tafadhali na nakuomba sana kwa pamoja. Waislamu wengi hupenda 🤲🏾, mikono ya dua, iliyokuja mwaka 2017.

"Nilichotuma ndicho anachokiona"

Si lazima. Emoji nyingi unazoziona kama moja ni kadhaa zilizoshonwa pamoja. Bendera 🇹🇿 ndani ya simu ni herufi mbili, T na Z. Kompyuta nyingi zinazotumia Windows huonyesha herufi hizo tu. Familia 👨‍👩‍👧 ni baba, mama na mtoto walioungwa kwa alama isiyoonekana, na moyo unaowaka ❤️‍🔥 ni kopa na moto. Simu ya zamani isiyojua muungo huo humwaga vipande kimoja kimoja. Rangi ya ngozi, iliyoongezwa mwaka 2015, nayo ni kipande cha pembeni, ndiyo maana kwenye simu nyingine unaona mkono wa njano umefuatwa na kiboksi cha kahawia.

Bastola 🔫 ndiyo ya kutisha. Mwaka 2016 Apple waliigeuza ya maji, ya kuchezea watoto. Kampuni nyingine kubwa zilifuata hasa mwaka 2018. Hapo katikati mtu alituma kwa utani bastola ya maji ya kijani, mwenzake akapokea bunduki. Mwaka 2024 mtandao wa X ukairudisha silaha kamili. Na hata picha ikifika bila kubadilika, macho hayafanani: watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2016 waliwaonyesha watu picha ileile, na katika robo ya visa hawakukubaliana kama hisia yake ni njema, mbaya au ya katikati.

"Ukizipanga zinakuwa sentensi"

Watu hujaribu kuzisoma moja baada ya nyingine kama fumbo. Kwa kawaida tunarudia tu, 😂😂😂 au 🔥🔥🔥, na kurudia huko ni kama kupandisha sauti. Zikichanganywa, mara nyingi zinatoa hali ya moyo tu.

Israel hilo lilifika mahakamani mwaka 2017. Watu wawili waliotaka kupanga nyumba walimwandikia mwenye nyumba kwamba wanaihitaji, wakaweka mcheza dansi, wasichana wawili wanaocheza, vidole viwili, kimondo, kindi na chupa ya shampeni: 💃🏻👯‍♀️✌️☄️🐿️🍾. Mwenye nyumba akaondoa tangazo. Wakamzungusha, kisha wakapotea. Hakimu hakuhangaika na kindi kafuata nini. Alisema huo haukuwa mkataba, ila furaha ile ilimfanya mwenye nyumba aamini wameshaichukua, na akawaamuru wamlipe shekeli 8,000.

Kanada, kwenye jimbo la Saskatchewan, kidole kimoja tu kilitosha. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani akaomba athibitishe. Mkulima akajibu 👍. Mzigo haukufika. Alijitetea kwamba alimaanisha "nimeipata", lakini mwaka 2023 jaji aliamua ile ni sahihi, akamtoza zaidi ya dola za Kanada 82,000, na rufaa yake ikagonga mwamba mwaka 2024. Lililomponza ni mazoea: miaka iliyotangulia alijibu mikataba ya mnunuzi huyohuyo kwa majibu mafupi kama "sawa", kisha akapeleka mzigo.

Nasi tunanunua mitumba, mahindi na viwanja kwa meseji. Kama umeiona tu bei na bado unaifikiria, andika "nimeiona, nitakujibu kesho", na kidole gumba ukiache kwanza.