Je, Wajua Serikali Hujuaje Kwamba Ruzuku ya Mbolea Imeongeza Mavuno?

Mkulima mdogo wa mahindi, awe wa Mbozi nchini Tanzania, Trans Nzoia nchini Kenya au Kasungu nchini Malawi, kwa kawaida hana mizani nyumbani. Sehemu ya mavuno yake huliwa yakiwa mabichi, sehemu huingia ghalani, nyingine hulipa ada na deni la dukani, na ni kiasi kidogo tu kinachopita mahali ambapo mtu wa serikali anaweza kukiona na kukiandika. Hata hivyo, kila mwaka wizara ya kilimo hutaja idadi ya tani zilizovunwa nchi nzima, na kwa idadi hiyo huamuliwa kama ruzuku ya mbolea iendelee na kama mahindi yauzwe nje ya nchi. Idadi hiyo hupatikanaje, na yafaa kuaminiwa kwa kiasi gani?

Katika ukanda wetu, mfano unaofundisha zaidi ni wa Malawi. Kwa sababu ya ukame wa msimu wa 2004/05, mavuno ya mahindi yalishuka hadi takriban tani milioni 1.2, na mamilioni ya watu wakahitaji msaada wa chakula. Serikali ya Rais Bingu wa Mutharika ikaanzisha mpango mkubwa wa ruzuku ya mbolea na mbegu, uliogawiwa kwa kuponi. Kufikia msimu wa 2006/07 wizara ilitangaza mavuno ya takriban tani milioni 3.4, sifa zikamiminika kutoka kila upande, na nchi ikaingia mkataba wa kuiuzia Zimbabwe mahindi. Msimu huohuo, lakini, ofisi ya takwimu ya nchi hiyo, yenye makao yake Zomba, ilifanya sensa ya kilimo, na matokeo yake yalipotoka yalionyesha tani milioni 2.1 hivi.

Hesabu ya kugawanya tu ilitosha kuleta shaka. Sensa ya watu ya 2008 ilihesabu Wamalawi wapatao milioni 13. Tani milioni 3.4 zikigawanywa kwao, kila mtu hupata kilo 260, mtoto mchanga akiwamo, na kaya ya watu watano huwa na magunia 13 ya kilo 100. Kwa tani milioni 2.1 za sensa ya kilimo, kaya hiyohiyo hupata magunia 8. Kama yale magunia 5 ya ziada yalikuwapo kweli, mengi yangeonekana sokoni na bei ingeshuka. Badala yake, mwaka 2008 bei ya mahindi ilipanda sana, hata serikali ikaingilia kati biashara hiyo. Ni kweli kwamba bei za nafaka zilikuwa juu duniani kote mwaka huo, kwa hiyo bei peke yake si ushahidi wa kutosha, lakini ikiungana na sensa ya kilimo ni vigumu kuipuuza.

Tofauti hiyo yote ilitoka wapi? Makadirio ya wizara hukusanywa na maafisa ugani, yaani mabwana shamba na mabibi shamba, kwa awamu tatu ndani ya msimu mmoja. Hao ni watumishi wa wizara ileile inayosimamia ruzuku. Sidhani kwamba ni lazima mtu awe amedanganya. Afisa mwenye vijiji vingi na usafiri haba hulazimika kukadiria kwa macho, na akijua kwamba mbolea imegawiwa kwa wingi na mvua imenyesha vizuri, ni rahisi mno aandike mavuno yanayolingana na mbolea hiyo. Hapo mpimaji amekuwa ndiye mpimwa, na tathmini imeshaharibika kabla karatasi hazijafika makao makuu.

Wanatakwimu hujaribu kuukata mnyororo huo kwa sampuli. Vijiji huteuliwa kwa nasibu, kisha kaya ndani ya vijiji hivyo, ili asiwepo mtu wa kuchagua mashamba yaliyostawi kando ya barabara. Mdadisi huzunguka mpaka wa shamba akiwa na kifaa cha GPS, kwa kuwa ekari za kutajwa kwa mdomo hupotosha: takwimu za Uganda zilionyesha kwamba wenye mashamba madogo huelekea kutaja eneo kubwa kuliko lilivyo, na wenye mashamba makubwa hutaja dogo. Kisha hupimwa mraba ndani ya shamba, ambao nchini Ethiopia huwa na mita 4 kwa 4, mahali palipoamuliwa na namba za nasibu, hata kama pameangukia penye kichuguu au mahindi yaliyodumaa. Mazao ya mraba huo huvunwa peke yake, hupimwa, hukaushwa na kupimwa tena, maana uzito wa maji haupaswi kuhesabiwa kuwa chakula. Mbinu hii iliendelezwa sana nchini India, ambako mwanatakwimu P. C. Mahalanobis na wenzake waliitumia Bengal kabla ya uhuru wa nchi hiyo.

Kwa nini mkulima asiulizwe tu? Huulizwa, na mara nyingi ndiyo njia pekee inayowezekana kwa gharama iliyopo. Ila atajibu kwa debe na gunia, na gunia la kilo 100 ni la kwenye karatasi. Lumbesa, lile lililojazwa likaongezewa kilemba juu kisha likashonwa, huzidi hapo. Mdadisi asipouliza ni gunia la namna gani, na kama mahindi yalikuwa yamepukuchuliwa au yangali kwenye magunzi, jibu lile halimsaidii mtu. Kosa hili lina madhara kwa sera pia. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba shamba dogo hutoa mavuno mengi zaidi kwa ekari kuliko shamba kubwa, na hoja nyingi za kisera zikajengwa juu ya imani hiyo. Uchambuzi wa takwimu za Ethiopia ulionyesha kwamba uhusiano huo hutoweka pale mavuno yanapopimwa kwa miraba badala ya kauli za wakulima.

Hata mavuno yakijulikana kwa usahihi, bado hatujajua kama ni mbolea iliyoyaleta. Msimu wa 2004/05 ulikuwa wa ukame na misimu miwili iliyofuata ilikuwa ya mvua nzuri, hivyo kuilinganisha tu ni kuipa mbolea sifa za mvua. Wachambuzi huzifuatilia kaya zilezile kwa miaka kadhaa, waliopata ruzuku na wasiopata, ili waone kila kundi limebadilikaje. Kwa njia hiyo iligunduliwa Malawi kwamba kwa kila kilo 1 ya mbolea ya ruzuku, wakulima walipunguza kilo 0.22 ya ile waliyokuwa wakiinunua dukani kwa bei kamili. Takwimu za ugawaji, zinazohesabu mifuko iliyotoka ghalani, haziwezi kuonyesha jambo hilo hata zikiwa sahihi kabisa.

Tanzania ilikuwa na swali lilelile kuhusu vocha za pembejeo, zilizotolewa kwa wingi kuanzia 2008. Sensa ya kilimo ilifanyika 2007/08, na iliyofuata ikawa ya 2019/20, wakati mpango huo ulikuwa umekwisha kwa miaka kadhaa. Kilichoangukia ndani ya kipindi chenyewe ni utafiti unaofuatilia kaya zilezile, ulioanza 2008/09 kwa kaya 3,265 na kurudiwa 2010/11 na 2012/13. Sampuli ya namna hiyo yaweza kuieleza nchi nzima kwa uhakika mzuri, lakini ukiigawa kwa wilaya hubaki na kaya chache mno, kiasi kwamba mkuu wa wilaya anayetaka kujua kama vocha zimefanya kazi kwake hana jibu ndani ya utafiti huo.