Mita 1500 kwenye pisini ukiwa mtu mzima: maswali ya waogeleaji wa Goma

Nina miaka 43. Nikifika mita 100 pumzi inakata. Mapafu yangu ni mabovu?

Mara nyingi mapafu hayana kosa. Aliyejifunza kuogelea ukubwani huwa anabana pumzi uso ukiwa majini, kisha akigeuza kichwa anataka kutoa hewa na kuvuta nyingine kwa wakati mmoja. Muda hautoshi, na hewa ya ukaa inamjaa; ndiyo inayomchoma kifuani. Anza kutoa hewa polepole mara tu uso unapoingia majini, mapovu yatoke bila kukatika, ili ukigeuka ubaki na kazi moja ya kuvuta. Zoea hilo kwanza, kasi itafuata.

Goma iko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari na oksijeni inapungua kidogo. Mwenyeji ameshazoea, mgeni wa kutoka Kinshasa ajipe siku kadhaa za mazoezi mepesi. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, toka majini umwone daktari. Mwenye presha au kisukari amwone kabla hajaanza.

Pisini ya hoteli ina mita 20 tu. Itafaa?

Inafaa. Utaivuka mara 75, wakati ile ya mita 25 ni mara 60. Usizitafute zote siku ya kwanza. Ogelea mita 100 mara sita, ukipumzika sekunde 30 katikati, na ya mwisho iwe na kasi ile ile ya kwanza. Ikikushinda, ulianza mbio mno. Siku tatu kwa wiki zinamtosha mtu mwenye kazi na watoto.

Bega linauma.

Tazama mkono unavyoingia majini. Kidole gumba kikitangulia, bega linapinda vibaya, na katika mita 1500 mapigo ya mikono hupita elfu moja kwa urahisi. Tanguliza vidole vya kati, kiganja kikitazama chini, mkono ukinyooka mbele ya bega lake bila kukatiza mbele ya kichwa. Maumivu yakikuamsha usiku, pumzika na upimwe.

Nile nini?

Bugali na samaki, saa mbili tatu kabla. Na maji ya kunywa, kwa sababu majini unatoka jasho bila kuliona.

Kushindana kukaa chini ya maji kunaongeza pumzi?

Naomba sana mchezo huo uachwe. Ukihema harakaharaka kabla ya kuzama, unaifukuza hewa ya ukaa, ambayo ndiyo huuambia ubongo kwamba ni wakati wa kupumua. Oksijeni inakwisha mwili haujadai chochote, mtu anazimia kimya, na walio pembeni wanadhani bado anacheza. Hodari pia hufa hivyo.

Pisini ikifungwa, niende ziwani?

Uwe na tahadhari. Mazuku ni hewa ya ukaa hiyo hiyo, inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na hutuama kwenye mabonde na vighuba vya Kivu upande wa Goma na Sake, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Imeshaua waogeleaji. Waulize wavuvi wa mahali hapo, nenda na mwenzako, subiri jua lipande na upepo uanze, na maji ya ziwa usiyameze: kipindupindu hakijatoka Goma.