Ukitaka Kupiga Kambi Outer Banks, Anza na Barabara

Mwaka mpya ukishaanza tu, jamaa wa Maryland, Virginia na Raleigh huniletea swali lilelile: kiangazi wanataka kukodi RV, yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, wawapeleke watoto Outer Banks. Je, kambi ipi iko karibu zaidi na maji? Mimi kazi yangu ni kupima jinsi fukwe zinavyosogea, na swali hilo huwa narudisha na langu: siku ya kuondoka mtapita wapi?

Si kwamba napenda kuharibu raha za watu. Outer Banks, pwani ya North Carolina, ni mlolongo wa visiwa vyembamba vya mchanga uliotandaa mbele ya bara kwa kilomita 320 hivi. Mtu aliyezoea Unguja, kisiwa kilichokaa juu ya mwamba wa matumbawe, akifika hapa atafute mwamba hatauona. Ni mchanga mtupu. Mashariki kuna Atlantiki, magharibi kuna Pamlico Sound, hori kubwa la maji ya chumvi, pana kiasi cha kutoiona ng'ambo lakini lenye kina kifupi. Dhoruba ikija, mawimbi huruka matuta, huchota mchanga wa mbele na kuumwaga nyuma. Mbele kunalika, nyuma kunaongezeka, na kisiwa kizima kinahama taratibu kuelekea bara. Kimekuwa kikifanya hivyo tangu bahari ilipoanza kupanda mwishoni mwa enzi ya barafu.

Ushahidi mnaweza kuupanda na kuugusa. Mnara wa taa wa Cape Hatteras uliwashwa 1870 ukiwa kama mita 450 kutoka majini. Miaka ya 1990 bahari ilikuwa imeufikia karibu kabisa, hata ikabidi mwaka 1999 wauinue mzima, matofali yote, wausukume juu ya reli kwa mita 880 hivi kuingia ndani. Kijiji cha Rodanthe nako, tangu 2020 nyumba zinaanguka baharini moja baada ya nyingine, na Buxton imefuata. Watoto wakiokota mbao ufukweni huko waambieni wavae viatu, misumari imo.

Sasa hiyo barabara. Kutoka makutano ya Whalebone Junction, kusini mwa Nags Head, hadi gati la kivuko kijijini Hatteras ni karibu maili 60, na njia ni moja tu: NC 12. Haina mchepuko. Bahari ikiifunika, aliye kusini anakaa kusini. Mwaka 2003 kimbunga Isabel kilikata kisiwa kati ya Frisco na kijiji cha Hatteras, ukatokea mlango mpya wa bahari pale palipokuwa na lami. Mwaka 2011 kimbunga Irene kikafanya vivyo hivyo Pea Island, kaskazini mwa Rodanthe. Ndiyo maana serikali imeanza kuikwepa bahari badala ya kupigana nayo: daraja la Marc Basnight juu ya mlango wa bahari wa Oregon Inlet lilifunguliwa 2019 kuchukua nafasi ya lile la 1963, na mwaka 2022 likafunguliwa lingine Rodanthe, linalotoka kabisa kisiwani, linapita juu ya maji ya Pamlico, kisha linarudi nchi kavu kijijini. Madaraja haya yamepunguza shida. Kati ya daraja na daraja, bado mko juu ya mchanga.

Pale Pea Island mtapita daraja fupi lenye jina la Richard Etheridge. Punguzeni mwendo muwasimulie watoto. Etheridge alizaliwa mtumwa, na mwaka 1880 akawa mkuu wa kituo cha uokoaji cha hapo, kituo ambacho waokoaji wake wote walikuwa weusi. Mwaka 1896 merikebu E.S. Newman ilipokwama katika dhoruba, wakaogelea wawili wawili wakiwa wamefungwa kamba, wakawatoa watu wote tisa. Medali ya dhahabu ilikuja 1996, miaka mia baadaye.

Kwa wanaotoka kaskazini, njia ya kawaida ni kupitia Chesapeake, Virginia, kisha barabara 168 na 158 hadi daraja la kuingilia Kitty Hawk. Msiende Jumamosi. Nyumba nyingi za kupangisha kule hubadilisha wageni siku hiyo, na foleni yake kiangazi ni ya kukaanga mayai juu ya boneti. Jumatatu hadi Jumatano mtapita vizuri.

Kambi gani basi

Eneo kubwa la visiwa hivi ni hifadhi ya taifa, Cape Hatteras National Seashore, ya kwanza ya aina yake Marekani. Bunge liliipitisha 1937. Ina kambi nne: Oregon Inlet, Cape Point, Frisco na Ocracoke. Nafasi hukatwa kupitia Recreation.gov, na dirisha hufunguka miezi sita kabla, kwa hiyo anayetaka wikendi ya Julai aamke mapema Januari. Baadhi hufungwa wakati wa baridi. Usitarajie anasa: viwanja vingi havina umeme, na vivuli karibu hakuna.

Wenye RV na watoto wadogo mimi huwaelekeza Oregon Inlet. Iko kaskazini, ina baadhi ya viwanja vyenye umeme na maji, na kutoka pale kwenda Nags Head hamvuki mlango wowote wa bahari. Hilo la mwisho kwangu lina uzito kuliko umeme. Cape Point ni tambarare na pa chini. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama, na mwenye hema atajuta. Frisco imekaa juu ya matuta ya mchanga, imeinuka, ina mandhari, na kwa hema ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ocracoke inahitaji kivuko, nitaifikia.

Mbali na hizo zipo kambi za watu binafsi Rodanthe, Waves, Salvo na kwingineko, nyingi upande wa hori, zenye umeme, maji na bomba la majitaka. Bei iko juu. Mkiwa na bibi aliyekuja kutembea kutoka nyumbani, lipeni. Ila ulizeni kwanza kiwanja chenu kiko umbali gani kutoka ukingo wa hori, na sababu yake ni upepo.

Upepo

Watu wetu wa pwani wanaujua upepo wa kaskazini-mashariki kama rafiki: ndio kaskazi, uliozileta jahazi. Hatteras upepo wa upande huohuo ni adui. Huja na dhoruba za vuli hadi masika, huvuma siku mbili tatu bila kupumzika, na ndio unaoivunja NC 12 mara nyingi zaidi kuliko vimbunga vyenye majina.

Sasa angalieni ramani. Kutoka Rodanthe hadi ncha ya Cape Point ufukwe unatazama mashariki. Pale kisiwa kinakunja kama kiwiko, na kutoka hapo hadi mwisho, Frisco ikiwemo, ufukwe unatazama kusini. Upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma, Rodanthe na Buxton ni mawimbi ya kutisha, wakati Frisco, nyuma ya msitu wa Buxton Woods, maji yanaweza kuwa ya watoto. Upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio wa kawaida kiangazi, hugeuza mambo: Frisco inachafuka, Buxton inatulia. Anayelala katikati, kati ya Avon na Frisco, ana fukwe mbili za kuchagua kila asubuhi. Huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi na unaopuuzwa mara nyingi, kwa sababu watu wakishalipia kiwanja wanaona lazima waogelee mbele yake.

Huo wa kusini-magharibi una kituko kingine. Ukivuma siku kadhaa mfululizo, husukuma maji ya juu kutoka fukwe za kaskazini, na maji ya chini yaliyo baridi hupanda kuchukua nafasi. Nags Head katikati ya Julai mnaweza kuingia baharini mkatoka mbio mkitetemeka.

Na hori je? Ndani ya Pamlico kujaa na kupwa kwa maji kunakoletwa na mwezi ni kidogo sana. Jedwali la bamvua na maji mafu halitawasaidia huko. Maji ya hori yanaongozwa na upepo. Kaskazini-mashariki ukivuma, maji yanasukumwa kwenda kona ya mbali ya kusini-magharibi, na nyuma ya Rodanthe mnaweza kuona tope tupu. Watu hushangilia kwamba dhoruba haikuwa kitu. Kisha upepo unageuka kuwa wa magharibi, na maji yote yale yanarudi kwa pamoja kwa mlango wa nyuma. Ocracoke mwaka 2019, kimbunga Dorian, kijiji kilifurika kutoka horini, wala si kutoka baharini. Kwa hiyo mwenye RV ukingoni mwa hori asilale kwa amani eti kwa sababu bahari iko ng'ambo ya barabara.

Kuhusu msimu, mimi huchagua Mei au nusu ya pili ya Septemba kwenda Oktoba. Ya pili ina maji ya vuguvugu na watu wachache, lakini imo ndani ya msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30. Wenye watoto wa shule wamebanwa na Juni hadi Agosti; basi Juni, kabla bahari haijapata joto la kulisha vimbunga vikubwa.

Vitu vya kubeba, vile ambavyo orodha za kawaida husahau. Vigingi vya hema vinavyouzwa pamoja na hema havifai kitu mchangani. Nunueni virefu na vipana. Upepo ukizidi, jazeni mfuko mchanga, fungeni kamba, ufukieni nusu mita kwenda chini: hiyo nanga haing'oki. RV iegesheni pua ikitazama upepo ikiwezekana, na turubai la pembeni likunjwe kila mnapoondoka, hata kama mnaenda dukani tu. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima, na dhidi ya usubi wa jioni chandarua chenye matundu ya kawaida hakisaidii. Viatu kambini, kuna miiba midogo inayojificha kwenye nyasi. Jiko la gesi likingiwe upepo la sivyo pilau itaiva kesho. Nyama ya mbuzi nunueni mkiwa bado bara.

Moto ufukweni unahitaji kibali, na uwe mbali na matuta. Na tafadhali, matuta yenyewe msiyapande wala msing'oe zile nyasi ndefu zenye masuke. Mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga. Tuta likikatika kwa njia ya miguu, bahari huingilia hapohapo.

Kuendesha gari mchangani kunaruhusiwa katika baadhi ya fukwe, kwa kibali cha kulipia, na gari bora liwe la 4x4. RV iacheni kambini. Shusheni presha ya tairi hadi karibu psi 20, bebeni chepe, jeki, ubao wa kuweka chini ya jeki na kipimo cha presha. Vifaa hivyo si hiari, ni masharti ya hifadhi. Sehemu hufungwa ndege wanapotaga na kasa wanapopanda, na kiangazi usiku magari hayaruhusiwi kabisa. Kulala ufukweni pia ni marufuku.

Kuogelea: mikondo inayovuta kwenda kilindini ndiyo inayoua kule. Ikikushika usishindane nayo kurudi nchi kavu. Ogelea sambamba na ufukwe hadi ikuachie. Wafundisheni watoto hili kambini, kabla hawajalowa.

Ocracoke na kutoka

Kivuko cha Hatteras kwenda Ocracoke huchukua kama saa moja, hakitozi nauli, na hakina kukata nafasi: anayewahi ndiye anayepanda. Vivuko vya Swan Quarter na Cedar Island vinaunganisha Ocracoke na bara kwa safari ya zaidi ya saa mbili. Hivyo hulipiwa, hukatiwa nafasi, na nauli hufuata urefu wa chombo. Pimeni RV pamoja na kila kinachoning'inia nyuma. Gesi ifungwe kabla ya kupanda.

Kimbunga kikinukia, wageni wa Ocracoke kwa kawaida huamriwa kuondoka mapema kuliko wa kwingine, kwa sababu vivuko husimama upepo ukizidi. Hatteras hufuata. Msingoje amri. Utabiri ukionyesha upepo mkali kesho kutwa, ondokeni leo mchana, kwa sababu RV ndefu juu ya daraja la Basnight, kilomita 4.5 bila kizuizi cha upepo, inasukumwa ubavuni vibaya mno. Hali ya NC 12 itazameni DriveNC.gov kila asubuhi, na tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu mkiwa kusini ya Oregon Inlet.

Mkishavuka kurudi bara, tafuteni pa kuoshea magari makubwa kabla ya safari ndefu. Mpige maji chini ya chasisi, kwenye breki na kwenye ngazi za kukunja, hasa kama NC 12 ilikuwa na madimbwi. Maji yale ya barabarani ni ya bahari, na mwenye gari la kukodi atalikagua.