Je, wajua kwa nini moramu mpya (udongo wenye changarawe wa kutandika njia) kwenye njia ya msituni husombwa na mvua ya kwanza?

Lawama huiangukia moramu, ilhali mara nyingi kosa ni kuilaza mahali ambapo maji yameshazoea kupita. Miguu ya watu hushindilia udongo na kuushusha kidogo kidogo, hadi katikati ya njia panakuwa na mfereji. Mwanza hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya mawe. Jabali la graniti halinyonyi maji, kwa hiyo njia inayopita chini yake, kisiwani Saanane au kwenye vilima vya mjini, hupokea mvua ya jabali zima.

Basi anza na maji. Siku ya mvua, vaa buti, beba vijiti, uchomeke kimoja kila mahali maji yanapoingilia njia. Kiangazi kikifika, chimba upande wa juu wa vijiti hivyo mtaro wa kukinga, upana sentimita 30 na kina 20, ukiteremka taratibu hadi kwenye majani mazito, mbali na njia.

Kisha ondoa majani yaliyooza na udongo mweusi mpaka sururu igonge udongo mgumu. Ule mweusi ukilowa huwa tope, na moramu huzama ndani yake. Penye mizizi mikubwa usichimbe wala usikate. Pandisha njia kwa kokoto, kisha moramu juu.

Moramu nzuri ina changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kuvishikanisha. Mchanga wa ufukweni haufai peke yake: umeoshwa na ziwa, hauna cha kuushika. Ipime kwa chupa ya maji. Tia moramu robo, jaza maji, tikisa, iache hadi kesho. Changarawe na mchanga vitakaa chini, na tabaka jembamba la mfinyanzi juu. Usipoliona tabaka hilo, moramu itatawanyika. Likiwa nene kama la mchanga, njia itateleza.

Njia ya mita 50, upana mita 1.2 na unene sentimita 10 baada ya kushindiliwa, huhitaji kama mita 8 za ujazo za moramu isiyoshindiliwa. Hizo ni zaidi ya toroli 120, na kisiwani zote huvushwa kwa boti. Ilaze kwa tabaka mbili, ukishindilia kila moja peke yake. Ukishindilia zote kwa pamoja, juu hukaza na chini hubaki laini. Unyevu upime kwa kiganja: finya donge, lishike bila kuchuruza maji.

Ukingo wa upande wa bondeni uwe chini kwa sentimita 5. Laza ubao kukatiza njia, weka kipande cha mbao cha sentimita 5 chini ya ncha ya bondeni, kisha weka pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, juu ya ubao. Kiputo kikae katikati.

Penye mteremko mkali, panga safu ya mawe kukatiza njia kwa mshazari kila baada ya mita 15 hivi ili itoe maji njiani, theluthi mbili za kila jiwe zikiwa ardhini. Magogo ni rahisi kupatikana, lakini mchwa huyamaliza, na yakipangwa pembeni mfululizo hufungia maji njiani. Mlango wa kutokea maji kwenye kila safu ya mawe uwe na upana wa chepe, ili majani yanayouziba yatolewe kwa mkokoto mmoja baada ya kila mvua kubwa.